Tungo 106 za Dora



Mwezi huu nawaomba tusafiri kidogo, tutoke kwetu hadi Kroatia, nchi ya Ulaya inayotazamana na Italia ng'ambo ya bahari ya Adriatiki. Nataka tumfahamu mwanamke mmoja wa huko aliyeitwa Dora Pejačević. (Jina hilo lisikutishe, litamke Peyachevich.) Alikuwa mtunzi wa muziki. Si wa kutunga nyimbo mbili tatu za kuwafurahisha wageni sebuleni, bali mtunzi hasa. Aliishi miaka 37 tu, na alipofariki mwaka 1923 aliacha kazi 58 alizozipa namba, ambazo ukizifungua ndani unakuta tungo 106.

Pengine mama mmoja atasema, 106 ndiyo nini? Mbona mwalimu wa kwaya yetu ametunga zaidi ya hizo? Tusibishane, ila tuitazame kwanza kazi yenyewe. Wewe unayeimba kwaya unajua taabu ya kupanga sauti nne zikapatana, sauti ya kwanza isiwafunike wenzake na besi wasipotee njia. Sasa fikiria okestra nzima: fidla za kwanza na fidla za pili, filimbi za aina mbalimbali, tarumbeta, ngoma, na kila kundi lina mstari wake peke yake. Ukurasa mmoja wa noti za namna hiyo waweza kuwa na mistari 20 au zaidi, na ukipigwa unakwisha kwa sekunde chache tu. Dora aliandika simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu nne, ambao kuusikiliza hadi mwisho ni kama dakika 45. Kila noti aliiandika kwa mkono. Na hiyo ni namba moja tu kati ya zile 58. Zipo ndogo za ukurasa mmoja au miwili, ni kweli. Lakini zipo pia tungo ndefu za piano na fidla, za piano na selo (hiyo ni fidla kubwa ambayo mpigaji huketi na kuishika katikati ya magoti), tungo za wapigaji watatu, wanne na watano, na nyimbo nyingi za mwimbaji mmoja anayesindikizwa na piano.

Huyu mama alitoka wapi?

Dora alizaliwa mjini Budapest tarehe 10 Septemba 1885. Wakati huo Kroatia haikuwa nchi huru, ilikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake, Teodor Pejačević, alikuwa kabaila wa ukoo mkubwa, na kati ya mwaka 1903 na 1907 alikuwa mkuu wa serikali ya Kroatia, cheo ambacho wenyewe walikiita ban. Mama yake, Lilla, alikuwa Mhungaria aliyejua kupiga piano vizuri, naye ndiye aliyemfundisha bintiye kwa mara ya kwanza. Familia iliishi katika jumba kubwa mjini Našice, mashariki mwa nchi, lililozungukwa na bustani.

Kwa hiyo tuseme ukweli mapema. Dora hakuteka maji. Hakuamka alfajiri kuwasha moto, wala hakufua nguo za watoto watano huku akichungulia maharage yasiungue. Watumishi walikuwapo. Nalisema hili kwa sababu kuna desturi mbaya ya kuleta habari za watu wa namna hii ili kumfanya mama wa kawaida ajione mvivu. Mama mwenye watoto na shamba, akifika saa nne usiku bado amesimama, hana haja ya kufundishwa kazi na binti wa kabaila. Kinachonishangaza mimi ni jambo jingine. Mabinti wengi wa tabaka lile walikuwa na nafasi ileile na watumishi walewale, lakini ni wangapi walioitumia kama alivyoitumia yeye?

Dora mwenyewe aliliona jambo hilo, na likamkera. Katika barua kwa rafiki yake aliandika kwamba hawezi kabisa kuelewa mtu anawezaje kuishi bila kufanya kazi, na kwamba watu wa namna hiyo ni wengi, hasa miongoni mwa makabaila wakubwa, naye anawadharau kwa sababu hiyo. Maneno makali hayo, kwa mtu kuwasema jamaa zake! Lakini ukiisoma orodha ya kazi zake mwaka baada ya mwaka, unaona kwamba hakuwa akisema tu.

Alianza kutunga akiwa na umri wa miaka 12. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa, ya mwaka 1897, umo wimbo wa kubembelezea mtoto, usio na maneno, wa kupigwa kwa piano. Fikiria binti wa miaka 12, ambaye mwenyewe bado ni mtoto, ameketi anatafuta noti za kumlaza mtoto.

Zama zile msichana wa familia kubwa alitazamiwa ajue piano, kama kwetu msichana anavyotazamiwa ajue kupika. Ilikuwa ni sehemu ya malezi yake. Angepiga mbele ya wageni, wangempigia makofi, angeolewa, na piano ingefungwa. Lakini kutunga, tena kutungia okestra, hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Nyumbani kwa akina Dora mambo yalikwenda tofauti kidogo. Alipewa walimu mjini Zagreb, baadaye akasoma Dresden na Munich huko Ujerumani. Hata hivyo hakukaa darasani kwa miaka mingi. Mengi alijifunza mwenyewe, kwa kuzisoma kazi za watunzi waliomtangulia. Alikuwa msomaji mkubwa pia wa vitabu, hata akawa na daftari la kuandika kila kitabu alichosoma.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 18, alitunga Ave Maria kwa sauti moja, fidla na kinanda cha kanisani. Nalitaja hili kwa ajili ya wanakwaya, ila msidhani alikuwa mtunzi wa kanisani. Sehemu kubwa ya kazi zake si ya ibada, nami sitaki kumpaka rangi ambayo si yake. Baada ya hapo, 1904 na 1905, aliandika mkusanyiko wa tungo nane za piano unaoitwa Maisha ya Maua. Kila utungo ni ua moja, nayo yanafuatana kadiri mwaka unavyokwenda, kuanzia lile dogo jeupe linalochungulia theluji ikiwa bado haijayeyuka, kupitia waridi na yungiyungi, hadi maua ya mwisho kabla ya baridi kurudi. Ni tungo fupi fupi, na kwa maoni yangu ni mlango mzuri wa kuingilia kwa mtu ambaye hajazoea muziki wa aina hii. Simfoni inaweza kusubiri.

Mwaka 1913 alimaliza utungo mkubwa wa piano ikishindana na kushirikiana na okestra. Katika historia ya muziki wa Kroatia huo ndio wa kwanza wa aina yake, na mtunzi wake ni mwanamke wa miaka 28. Mwaka uliofuata vita vikaanza.

Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, majeruhi wakaanza kuletwa hadi Našice, na Dora akajitolea kuwauguza. Ungetarajia kalamu iwekwe chini. Lakini miaka hiyo ya vidonda na habari za misiba ndiyo aliyoandika kwa wingi na kwa uzito kuliko miaka yote. Katika miaka hiyo aliandika nyimbo kwa mashairi ya washairi wakubwa wa wakati wake, Karl Kraus na Rainer Maria Rilke, ambao alifahamiana nao. Katika miaka hiyo alitunga utungo wa piano na ala nne za nyuzi. Na mwaka 1916 hadi 1917 aliandika ile simfoni niliyoitaja, namba 41, ambayo Wakroatia huihesabu kuwa simfoni yao ya kwanza ya kisasa. Sehemu zake mbili zilipigwa Vienna mwaka 1918, vita vikiwa havijaisha, na simfoni nzima ikapigwa Dresden Februari 1920.

Mwenye kujua uguzaji ataelewa. Mtu ashindaye karibu na maumivu hawezi kubaki vilevile. Yatamfanya mgumu au yatamfungua. Nadhani Dora yalimfungua.

Tarehe 14 Septemba 1921, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 36, Dora aliolewa. Mumewe aliitwa Ottomar von Lumbe, aliyekuwa ofisa wa jeshi. Wakahamia Munich. Kwa siku zile, na hata kwa siku zetu, hiyo ni kuchelewa kuolewa, na yawezekana wapo waliokwisha kumkatia tamaa. Mwaka huohuo wa ndoa alitunga nyimbo tatu za watoto. Mwaka 1922 akaandika utungo wa fidla mbili, viola na selo, akaupa namba 58. Alikuwa pia mjamzito.

Sasa tumefika kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii kwa ajili ya ukurasa wetu.

Mnamo Oktoba 1922, ikiwa imebaki kama miezi mitatu hivi ajifungue, Dora alimwandikia mumewe barua kuhusu mtoto atakayezaliwa. Aliiandika kama mtu anayeona huenda yeye mwenyewe hatakuwapo. Alimwomba mumewe amlee mtoto awe mtu wa kweli, mwenye moyo mkubwa na usiofichaficha. Amtengenezee njia, lakini asimkinge na kila maumivu, kwa maana yapo maumivu yanayoikomaza nafsi. Amwache akue kama mmea. Akiwa na kipaji, amsaidie; akitafuta uhuru, ampe, kwa kuwa kutegemea wazazi na jamaa kumewavunja wengi. Na akaongeza kwamba afanye hivyo sawasawa, mtoto akiwa wa kiume au wa kike, kwa sababu kila kipaji kinastahili heshima ileile na jinsia isiingizwe katika hesabu hiyo.

Hiyo ni barua ya mwaka 1922, na kwangu mimi ndiyo inayoeleza zile tungo 106 kuliko kitu kingine chochote. Mwanamke huyu alijua vizuri kipaji kinataka nini, kwa kuwa alikuwa amekilea cha kwake kwa miaka 25. Alijua kwamba kuna siku mama yake aliketi naye mbele ya piano, na siku nyingine wazazi walikubali aende Dresden na Munich kujifunza kazi ambayo majirani waliiona si ya kike. Kile alichopewa yeye, ndicho alichotaka apewe mtoto wake.

Hebu tujiulize, wenzangu, ndani ya nyumba zetu hesabu hii ikoje? Mtoto wa kiume akipiga kinanda kanisani tunasema huyu atakuwa mwalimu wa muziki, tukichanga fedha apelekwe semina. Mtoto wa kike akipiga vilevile tunasema anasaidia kwaya mpaka atakapoolewa. Tunausikia mfano wa talanta kanisani mara ngapi? Yule mtumishi aliyefukia talanta yake alilaumiwa, na ilikuwa haki alaumiwe. Lakini wapo watoto wetu ambao hawakufukia wenyewe. Sisi wazazi ndio tuliokuja na jembe.

Mtoto alizaliwa Munich tarehe 30 Januari 1923, wa kiume, akaitwa Theo. Mama yake hakupona vizuri. Figo zake zilishindwa kufanya kazi, na tarehe 5 Machi 1923 Dora akafariki. Tangu kujifungua zilikuwa zimepita siku 34. Hakuifikisha arobaini.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya muziki kidogo. Bibi zetu waliposema mzazi akae ndani siku arobaini walikuwa na hekima yao, na waganga wa hospitali nao huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa ni siku ambazo mama bado yuko hatarini. Tumezoea kwamba mtoto akishalia, watu wanapiga vigelegele na macho yote yanahamia kwa mtoto. Mama anaachiwa uji. Tafadhali, mzazi akiumwa kichwa kikali kisichosikia dawa, akiona giza au nyota machoni, akivimba uso na mikono, akikojoa kidogo mno, akiwa na homa, akitokwa damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, akihema kwa shida au kupata degedege, msingoje kukuche. Mpelekeni hospitali, na mseme wazi kwamba huyu amejifungua juzi juzi. Mama wakwe, hili nawaambia ninyi hasa, kwa kuwa mara nyingi ndio mnaoamua lini gari litafutwe. Mwaka 1923 mtu ambaye figo zimeshindwa hakuwa na msaada mkubwa hata katika mji kama Munich. Siku hizi msaada upo, ila ni kwa anayefika mapema.

Dora alizikwa Našice, si ndani ya kaburi kubwa la ukoo bali nje, peke yake.

Na zile tungo? Akiwa hai, kazi zake zilipigwa katika miji kadhaa ya Ulaya, lakini nyingi zilikuwa hazijachapwa. Mtunzi akishafariki na noti zikawa za mkono tu, ni nani atakayezipiga? Mwanafunzi wa muziki hawezi kwenda dukani kuzinunua. Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili, na baada yake serikali ya kikomunisti, ambayo haikuwa na haraka ya kuwakumbuka mabinti wa makabaila. Jina likafifia. Miswada ilihifadhiwa Zagreb, na aliyeiketia ikajulikana tena ni mwanamke mwingine, mtaalamu wa muziki aitwaye Koraljka Kos, aliyetoa kitabu kuhusu Dora mwaka 1982. Hesabu: kutoka kifo chake ni miaka 59. Mwaka 1993 ikatoka sinema ya Kikroatia juu ya maisha yake. Noti zikaanza kuchapwa moja baada ya nyingine, wapigaji wa Ujerumani na kwingineko wakaanza kurekodi, na mwaka 2022 okestra ya BBC ya London, ikiongozwa na Sakari Oramo, ilitoa rekodi ya simfoni yake pamoja na ule utungo wa piano na okestra wa 1913. Wasikilizaji wengi walishangaa kwamba muziki wa ukubwa ule ulikuwapo muda wote huo nao hawana habari.

Lile jumba la Našice sasa ni makumbusho, na humo kimetengwa chumba kwa ajili yake.

Kwa mama mwenye mtoto anayejifunza piano au kinanda, liko jambo la manufaa. Kwa kuwa imepita zaidi ya miaka 70 tangu Dora afariki, katika nchi nyingi kazi zake hazina tena kizuizi cha hakimiliki, na mwalimu wa muziki anayesoma noti anaweza kuzitafuta na kuzinakili bila hofu. Mwambieni aanze na ule wimbo wa kubembelezea mtoto wa mwaka 1897. Mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kuzizoea noti ataumudu, maana aliyeuandika alikuwa na umri huohuo.